Shangazi alivyomlilia marehemu asiyejulikana, Mwello

Wakuu, salaam.

Nayaleta kama yalivyonikuta, hata pale yanaponiaibisha.

Miaka ya sitini, nikiwa nimetoka chuo na degree ya historia, nilikwenda Mwello, Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa shangazi yangu.

Pembeni mwa shamba lake kulikuwa na tuta kubwa la mawe na udongo. Chini yake wamelala watu wa kale, wa kabla koo zetu hazijafika huko. Majina yao hayajulikani.

Asubuhi moja vibarua wa barabara wakaja kulichota wapate kifusi. Nyapara wao alikuwa Msamia wa Lumino, kabila la jirani zetu.

Nikampa lecture. Zama za mawe, urithi wa taifa, kila kitu. Nikamalizia kwamba hawa ni babu zetu sote.

"Bwana, hii ni kifusi tu," akajibu. "Chimba!"

Haukupita muda, jembe likatoa mfupa wa paja.

Hapo shangazi akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba. Wanawake wa jirani wakaja mbio wakilia, bila hata kuuliza nani kafa.

Kwetu, maiti akiwa hajazikwa, hakuna anayelima wala kuchimba. Vibarua walikuwa wa hukohuko. Wakaweka majembe chini, wakaketi.

"Mama, huyu alikufa zamani!" nyapara akalalamika.

"Na leo nani amemtoa? Si wewe? Kwenu Lumino mnalima na maiti iko nje?"

Nyapara akavua kofia.

Lakini shangazi naye alikuwa amejifunga kwa mwiko huohuo. Mvua ilishafika, na karanga zake hazijapandwa.

"Matanga haiishi bila ndugu ya marehemu kunyolewa," akasema. Kisha akanigeukia. "Msomi, si umesema hii ni babu yako?"

Nikanyolewa upara palepale, mbele ya vibarua waliokuwa wakijikaza wasicheke msibani. Mfupa ukarudishwa. Nyapara mwenyewe alipanga mawe juu yake, akaondoka na watu wake kutafuta kifusi kwingine. Kesho yake shangazi akapanda karanga.

Tangu hapo nimeandika makala nyingi juu ya sheria za kulinda makaburi ya kale. Wasomaji wake ni mimi na mhariri, na mhariri sina hakika. Sheria naziunga mkono bado. Ila nilichojifunza ni kwamba kaburi lisilo na wa kulililia, machoni pa mwenye haraka, ni kifusi.

Je, kwenu yako matuta kama hayo? Na ndugu yao ni nani?