Mambo Matatu kwa Siku

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona kule Kadutu, na mashini yake ilikaa kwenye barza mbele ya nyumba yetu. Mkono wake ulikuwa mzuri sana. Shida ilikuwa mdomo. Kila aliyeleta kitambaa aliambiwa, "Kuya siku ya posho." Basi siku hiyo, yaani kila Jumamosi, watu walijaa barzani, na yeye akawatuliza kwa maneno matamu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja katekista wa parokia kuchukua gauni la binti yake.

"Ndoa iko saa ine," alisema, akitabasamu.

Mume wangu aliinamia mashini. Nilijua kwa nini: kile kitambaa cheupe kilikuwa bado sandukuni, hakijaguswa na makasi. Yule baba alipoelewa hakufoka. Alivua kofia, akaketi chini palepale kwenye vumbi na suti yake. Afadhali angetutukana.

"Mama, leta makasi," mume wangu aliniambia. Alikata, mimi nikashikiza, jirani yetu akawasha pasi ya makaa. Padri alikubali kungoja hadi saa tisa. Binti aliingia kanisani na pindo la gauni limeshikwa kwa pini, na kila alipopiga hatua nilizitazama zile pini.

Kesho yake, siku ya Mungu, mume wangu hakula. Nilikuwa nimejifunza kuandika kwa masista, kwenye masomo ya wanawake walioolewa, lakini nilikuwa naandika barua tu. Jumatatu nikachukua krayo, nikageuza karatasi ya kalenda ya zamani, nikamwomba anitajie kila nguo anayodaiwa. Zilifika ishirini na tatu. Nikaitundika ukutani juu ya mashini.

Aliitazama muda mrefu. "Sasa karatasi ndiyo itanitumikisha?" akasema, akaenda zake kutembea Cimpunda mpaka jioni.

Nilikasirika. Lakini kesho yake, nilipoisoma tena mwenyewe, hata mimi nilichoka kabla ya kufika katikati. Nikaishusha. Nikakata kipande kidogo, nikaandika nguo tatu tu: suruali ya mwalimu, blauzi mbili za jirani. Kufika saa kumi, zote zilikuwa zimekwisha. Alichukua krayo akazifuta moja moja kwa mistari minene, akanikabidhi. "Andika za kesho."

Ndivyo tulivyoendelea. Ile karatasi kubwa niliificha kabatini, na kila asubuhi nilitoa mambo matatu humo. Mteja mpya akija, mume wangu alinitazama kwanza.

Mtihani wetu ulikuja na mpishi wa mkubwa mmoja Mzungu wa Ibanda, mtu wa kujisikia. Aliweka kitambaa cha suti mezani. "Nakuya kesho asubuyi."

"Kesho hapana, papa," alisema mume wangu. "Siku ya tano, saa kumi."

"Unajua mimi natumikaka wapi?"

"Najua. Siku ya tano."

Aliondoka akinung'unika, lakini kitambaa alikiacha. Ijumaa, ndiyo hiyo siku ya tano, alifika saa nane, bila shaka ili atukute na uongo. Suti ilikuwa inaning'inia, imepigwa pasi. Aliipindua, akakagua vifungo kimoja kimoja, akaichukua. Wiki iliyofuata alimleta shemeji yake.

Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, tulifunga mashini wiki nzima kwenda kumwona mama yangu huko Minova. Hakuna nguo ya mtu iliyobaki nyumbani. Tulipanda mashua asubuhi, ziwa limetulia, mume wangu amekaa karibu nami bila kujua aiweke wapi mikono yake.

"Kesho tuko na nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu."

Alicheka peke yake, kisha akalala begani mwangu mpaka tulipofika.