Draiva ya Kukubali Zote Mbili

Juzi niliingia duka la picha Kapkatet. Wake wa ndugu wawili wanatumia kompyuta moja humo: mkubwa anachapisha picha za pasipoti, mdogo anatengeneza video za harusi. Kila programu ilitaka toleo lake la draiva, ile programu ndogo inayoendesha kadi ya picha ya kompyuta. La mmoja likiwekwa, programu ya mwenzake haifunguki.

Fundi waliyemwita tangu jana akapangusa jasho. "Mama, nimepata draiva inakubali zote mbili."

"Hata yake?" mkubwa akauliza, akimwonyesha mdogo kwa mdomo.

"Hata yake."

Mkubwa akakunja mikono. "Basi rudisha ile ya jana, yenye ilizima zote."

Nilicheka. Lakini kwetu mvua ya mawe ikipiga majani chai, tunachungulia kwanza shamba la jirani. Likiwa limepigwa pia, tunarudi nyumbani tumetulia.