Wafalme wa India Kando ya Kitanda

Binti yetu alizaliwa huku kusini, Rosettenville, akakua na Kiingereza cha shule na Kizulu cha mtaani. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema alikataa. Mama yake, mke wangu, tulitoka naye Bukavu, na Kiingereza chake kiliishia kwenye bei ya nyanya. Katika nyumba ya watu watatu mimi ndiye nilikuwa mkalimani. Wamama wa kanisani walipenda kutukumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nilipenda kuwauliza watoto wa kwao wanaongea nini, na hapo maongezi yaliisha.

Mwaka 2017 figo za mke wangu zilichoka. Daktari aliniambia mimi, nami nikamweleza mke wangu yote bila kupunguza, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Hakulia.

"Sitaki kufa bila kuongea na mutoto yangu," alisema. "Kuongea ya kweli, si kupitia weye."

Maneno hayo yaliniuma, siwezi kusema uongo. Lakini alikuwa na haki.

Mwaka huo binti alikuwa darasa la kumi, na kwenye historia walikuwa wanasoma himaya ya Mughal, wafalme walioitawala India kabla ya Waingereza. Alileta kitabu kinene kutoka maktaba. Nikamwomba awe anakisomea kando ya kitanda cha mama yake, mimi nitafsiri, angalau wakae pamoja. Mfalme wa kitabuni nikamwita mwami, kama tunavyomwita mtawala wa kwetu milimani. Nilikosea hapo. Mke wangu alimwona mtu wa Bushi, milima yetu, papo hapo, akauliza ng'ombe wake walikuwa wangapi, na mama wa mwami alikuwa na sauti gani barazani. Binti alicheka, kisha akaanza kupekua kurasa kutafuta jibu. Habari za mama wa mwami alizipata. Za ng'ombe hakuzipata.

Mfalme wa kwanza alikuwa mgeni India. Aliteka sehemu kubwa ya nchi ile, na bado siku moja alipopasua tikiti la kwao alitokwa na machozi. Mke wangu alisema hata yeye angeliona sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, angelia. Mjukuu wa mfalme huyo hakujua kusoma, ila alikuwa na maktaba kubwa, akasomewa kila siku, na aliwaita wenye dini mbalimbali wabishane mbele yake.

"Kumbe hata mwami anasomewa," mke wangu alisema, akajiweka vizuri kwenye mito. Tangu siku hiyo hakuona haya tena kwamba hajui kusoma.

Mimi ni fundi cherehani, na kilichonikaa moyoni ni vitambaa vyao: pamba nyembamba kiasi kwamba mtu anavaa tabaka juu ya tabaka na bado anaonekana ngozi. Nilirefusha sana hapo. Mke wangu aliniambia niwache nguo, nirudi kwa watu.

Kisha zikaja harusi mbili za kanisa kwa mpigo, na sare za vitenge zikanizuia kwenye kibanda changu cha kushonea, Turffontein, mpaka giza. Jioni ya kwanza nilirudi mbio nikijua wananisubiri. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya binti.

"Bibi ya mwami alikufa, Mama. Alikuwa anazala. Mutoto ya kumi na ine."

"Kumi na ine?"

"Eish, ndiyo, Mama, njo vile. Mwami akalia, ndevu yake ikakuwa mweupe. Akamujengea kaburi ya mawe mweupe, kubwa sana."

"Angemutafutia mukunga muzuri," alisema mke wangu.

Wakacheka wote wawili. Nilibaki nje na begi langu. Nilifurahi, na nilijiona sina kazi tena katika nyumba ile. Sikuingia mpaka walipomaliza.

Baada ya hapo hawakunihitaji. Kiswahili cha binti kilikuwa cha wafalme tu, cha vita na makaburi na bustani, lakini mama yake alikivuta pole pole mpaka kwenye mambo mengine: mvulana wa shule, hofu ya mtihani, jinsi ya kufunga kitenge. Nilipouliza wanaongea nini waliniambia ni historia.

Mke wangu alikufa Agosti, asubuhi, hospitalini. Kumrudisha Bukavu hatukuweza, tukamzika hapa. Kwenye kilio binti alisimama mbele ya watu, akasema kwa Kiswahili kwamba mama yake aliuliza maswali mazuri kuliko mwalimu. Wamama wale wale walilia, na safari hii hawakuwa na methali.

Nilidhani lugha ile sasa ni yetu sisi wawili. Nilisubiri. Akaniuliza habari za chakula kwa Kiingereza, akaniaga kwa Kiingereza. Siku moja nilichukua kile kitabu, kilichokuwa bado nyumbani, nikamwomba anisomee kilichobaki, anieleze kama alivyomweleza mama yake. Alinitazama kwa huruma, akajibu kwa Kiswahili, kwa mara ya mwisho katika miezi mingi.

"Papa, weye unajua kusoma."

Nikasoma peke yangu mezani. Himaya ilimegeka kidogo kidogo, na mfalme wa mwisho, mzee na maskini, Waingereza walimpeleka nchi ya mbali. Akafia huko, akazikwa huko, na kaburi lake wakalisawazisha na ardhi lisijulikane. Kuhusu mfalme huyo, mke wangu angekuwa na maswali ya usiku kucha. Nilitafsiri yote kichwani, ukurasa mzima, neno kwa neno, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.