Soda ya Mama Adela

Ukipita Chanji majira ya baridi, asubuhi ukungu ukiwa bado umelalia mabati, utamkuta Rozina amevaa koti la mumewe juu ya kitenge, ameinamia ndoo iliyofunikwa kitambaa, ametega sikio. Usimcheke. Anasikiliza kama maji yameanza kuongea. Yakitoa ule mlio mdogo wa mapovu, anainuka akitabasamu peke yake. Yakinyamaza, anaivisha ndoo blanketi, anaisogeza karibu na jiko na kuilaumu Sumbawanga kwa baridi yake, ambayo kwa kweli inamgandisha mtu mzima, sembuse chachu.

Mtaa mzima unamwita Mama Adela, kwa jina la binti yake wa kwanza, na kinywaji chake wanakiita soda ya Mama Adela. Hakuna kiwanda hapo. Kuna maganda ya nanasi yaliyooshwa yakaoshwa tena, pasheni, mchaichai wa uani, majani machache ya mnanaa, sukari, na chachu ya tangawizi ambayo Rozina anailisha kila asubuhi kama mtu anayefuga kuku. Maganda na mchaichai anavichemsha, anaviacha vipoe kabisa, anachuja, ndipo anachanganya na vingine na kufunika. Gesi ikianza, anamimina kwenye chupa za plastiki na kukaza vizibo. Baada ya muda anazibonyeza kwa kidole gumba. Chupa ikiwa ngumu kama tairi lililojazwa upepo, imeiva. Ukiifungua inapiga kelele, mapovu yanakurukia mkononi, na harufu ya nanasi na mchaichai inakufikia kabla hujaonja.

Aliyemfundisha ni Salome, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye alipika miaka mingi kwenye nyumba ya masista na kutoka huko na mapishi mengi kuliko nguo. Salome alimpa chachu ya kuanzia ndani ya kopo la jemu, na onyo juu yake.

"Iwahi, Mama Adela. Ikishapata gesi inywe. Ukiikawiza inageuka, nije nikukute unaimba uani peke yako."

Salome alisema kwa utani, lakini Rozina hakulichukua kwa utani. Kwake kile kinywaji kilikuwa dawa ya nyumba.

Mumewe Modesti ni fundi mwashi. Nusu ya nyumba nzuri za Chanji amezijenga yeye, na nusu iliyobaki amezisema vibaya. Zamani Modesti alikuwa mnywaji. Hakuwa wa kupiga wala kutukana. Alikuwa wa kulala. Alilala vilabuni, alilala kwenye mchanga wa kazi, na siku ya harusi ya Adela, kanisa limejaa na kwaya imeshasimama, alikuwa amelala nyuma ya kilabu na suti yake mpya. Aliyemshika Adela mkono na kumpeleka mbele ya padri ni Mathias, kaka yake Modesti. Jioni yake Modesti aliamka, akaivua ile suti, akaikunja, na tangu siku hiyo hakutia pombe mdomoni. Rozina hajawahi kumuuliza aliwezaje. Anaogopa kuuliza, kama mtu aliyepewa zawadi kubwa mno. Anachofanya ni kumshukuru Mungu kila alfajiri kabla hajaigusa ile ndoo, na wakati mwingine anashukuru kwa sauti mpaka Modesti anamwambia apunguze, Mungu si kiziwi.

Tabu ilibaki moja. Kule kwao Mwazye, wazee wa ukoo wao wanakunywa kimpumu, pombe ya ulezi, wakiwa wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na maji ya moto yanaongezwa kwenye chungu kadiri mazungumzo yanavyokwenda. Hapo ndipo mipaka ya mashamba inapozungumzwa, na posa, na marehemu, na nani amekosana na nani. Asiye na mrija hafukuzwi, ila hana pa kukaa. Modesti alishajaribu kukaa pembeni na chupa ya soda ya dukani, akajiona kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Basi akawa kila sherehe akishasalimia na kula anaondoka kwenda kukagua kuta. Ukoo mzima ulijua Modesti akianza kugonga tofali za nyumba ya watu, amezidiwa.

Ndipo Mathias akapiga simu. Binti yake Lucia anaolewa, wakwe wanakuja, na yeye anataka mdogo wake akae naye kwenye duara kuwapokea.

"Nitakuja, kaka," Modesti alijibu. Kisha akaiweka simu na kumgeukia mkewe. "Nikikaa pale siku nzima na harufu ile, Mama Adela, nitashindwa. Nikienda kukagua kuta, Mathias atakosa mtu wa kukaa naye mbele ya wakwe. Na Adela atakuwepo. Atanitazama."

"Utakaa na utakunywa," Rozina akasema. "Utakunywa ya kwangu. Kwenye chungu. Kwa mrija."

Modesti alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. Akacheka, na Rozina akajua ameshinda.

Walikwenda Mwazye siku chache kabla ya harusi. Rozina alibeba kopo lake la chachu ndani ya sweta, mananasi na pasheni kwenye kikapu, na shada la mchaichai. Mama mkwe wake, Bibi Kristiana, aliwapokea mlangoni kwa Mathias, anakoishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Bibi aliposikia mpango wote hakuuliza mara mbili. Aliingia ndani, akatoka amekumbatia chungu cheusi kilichong'aa kwa kushikwa. Ndicho alichopikia kimpumu tangu alipoolewa. Ndicho kilichokaa katikati ya duara siku ya posa ya Rozina mwenyewe. "Mwanangu hatanywea kwenye ndoo ya plastiki mbele ya wakwe," akasema. "Chukua hiki." Rozina alipiga magoti kukipokea. Moyo ulimjaa. Kuna wakwe wanaoficha hata kijiko, na huyu alikuwa anampa kitu alichokipenda kuliko vyote vya jikoni kwake, ili kumfichia mwanawe aibu. Alikiosha kwa maji ya moto na majivu, akakisuuza, akakinusa. Kilinukia udongo na moshi, basi.

Akatengeneza soda yake humo kama anavyotengeneza siku zote. Ilipoanza kutoa mapovu aliionja: tamu, kali kidogo ya tangawizi, ulimi unachezacheza. Bibi Kristiana akaleta jani la mgomba, akafunika, akafunga kwa kamba na kuziba ukingo kwa donge la ugali, kisha akakisogeza chungu kwenye kona ya jiko, mahali pake pa siku zote.

"Kwetu chungu cha duara kikishafungwa hakifunguliwi mpaka mbele ya wenyewe," akasema. "Hata aliyepika haonji tena."

Rozina alitaka kubisha kidogo. Lakini unambishia vipi mama aliyekupa chungu chake? Isitoshe, alihesabu kwa baridi ya Chanji, akasahau kwamba jiko la nyumba ya harusi halizimwi, na kona ile ilikuwa na joto mchana kutwa. Na kuhusu chungu hakuwaza lolote. Alikuwa amekiosha kwa nje na kwa ndani. Kilichozama kwenye udongo wake kwa miaka yote ile ya ulezi hakikuoshwa na majivu.

Siku ya harusi misa ilikwisha salama, Lucia akapendeza, na wakwe wakaketishwa uani kwa Mathias. Kwenye duara waliwekewa vyungu viwili: kimpumu, na cha Modesti. Mathias aliwaeleza wakwe bila kuzunguka kwamba mdogo wake hanywi pombe, mkewe amemtengenezea ya matunda, na anayetaka kuonja anakaribishwa. Mzee Leonardi, mkubwa wa upande wa bwana harusi, akaguna kwa heshima. Modesti alikuwa amevaa ile suti ya harusi ya Adela, na alikaa kulia kwa kaka yake, mgongo umenyooka. Rozina alikuwa kwenye mlango wa jikoni na wanawake wenzake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alimwona mumewe amekaa mahali pake. Alitaka kupiga kigelegele. Bibi Kristiana mwenyewe alikata kamba na kufunua jani.

Modesti akatumbukiza mrija, akainama, akavuta.

Rozina alikuwa anatazama koo lake, na koo halikushuka. Modesti aliganda vile vile, mdomo umejaa, macho yametoka. Kisha akageuka upande, mbele ya wakwe, na kutema chini.

Kutema kinywaji cha chungu mbele ya wageni! Shangazi mmoja alishika kichwa. Mzee Leonardi aliinua nyusi zote mbili. Modesti alipangusa mdomo kwa mkono wa suti, tena na tena.

"Mama Adela," akaita, taratibu, "hii imeshakuwa pombe."

Bibi Kristiana alichovya kidole, akakilamba. Alivyokaa chini, wote walielewa. "Ni chungu changu," akasema. "Yesu wangu. Kimezoea kazi moja tu hiki, kimeifanya. Nimemtilia mwanangu pombe kwa mikono yangu."

Rozina alikuwa ameshafika uani, machozi yanamchuruzika, hajui ameyapita vipi mabenchi. Alitaka kusema hakuonja, hakufikiri, alitaka kumpa heshima tu. Alichoona ni mrija wa Modesti uliobaki umesimama ndani ya chungu, na mkono wa Modesti ukiwa bado karibu nao.

Modesti aliutazama ule mkono kama si wake. Kisha akauchomoa mrija, akauvunja vipande viwili na kuviweka chini.

"Usilie," akamwambia mkewe. "Zamani ningejua kwamba ni pombe na ningeendelea kuvuta. Leo nimeitema. Mimi mwenyewe nimeshangaa." Akainuka, akaikung'uta suti. "Kaka, wakwe zangu, samahanini. Acha nikaangalie ule ukuta wa nyuma."

"Kaa," Mathias akasema.

"Kaka..."

"Ukuta wangu haujambo. Kaa chini." Mathias aligeuka kuelekea jikoni. "Jamani, leteni sufuria safi na birika la maji ya moto. Shemeji, mchaichai umebaki?"

Ulikuwa umebaki, na pasheni chache. Rozina alizikata, akazikamulia kwenye sufuria na kutupia mchaichai, na sufuria ikawekwa katikati ya duara, mbele ya vyungu vyote viwili. Mathias alichukua mrija mpya kwenye fungu, akampa Modesti. Akachukua mwingine wake mwenyewe. Kimpumu chake, alichokuwa akikisubiri tangu asubuhi, akakiacha kinapoa.

Wengine hawakukiacha kimpumu, harusi ni harusi, na mtu ametoka mbali. Ila Mzee Leonardi alikohoa, akavuta kigoda chake mbele, akaomba mrija na yeye. "Mkwe anayeweza kutema," akasema, "nataka kukaa karibu naye." Akachungulia ndani ya sufuria. "Na maji yenyewe yako wapi?"

Aliyeleta birika alikuwa Adela. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo na aliona kila kitu. Alipita katikati ya wazee, akapiga magoti mbele ya baba yake kama inavyopasa na kuanza kumimina, na mvuke wa mchaichai ukapanda kati ya nyuso zao.

"Siku yako sikuwepo, mwanangu," Modesti akasema. Hakuwahi kulisema hilo, si kwake, si kwa mtu yeyote.

Adela alimimina mpaka sufuria ikajaa, akaweka birika chini. Hakuinuka. Kwenye fungu la mirija akachagua mmoja, akautumbukiza kando ya wa baba yake, pale kwenye duara ambalo mabinti hawakai, na hakuna mzee aliyemzuia.

"Inama basi, baba," akasema. "Inapoa."