Kofia Niliyoifumua

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulikaa kwa mavyaa wangu, mtaa wa Malindi, na nilitaka mno huyo mama wa mume wangu anione mke wa maana. Mtihani wenyewe ukawa kofia ya mwanawe ya sikukuu.

Mavyaa alichora matawi kwenye karatasi, akatoboa mistari yote kwa sindano, akailaza juu ya kitambaa na kuipangusia unga wa makaa. Alipoiinua, vidoa vilibaki kwenye kitambaa, nasi tukashona kwa kuvifuata. Upande wa kulia ukawa wangu, wa kushoto wa wifi yangu. Ilituchukua wiki nyingi, na miaka ile baada ya Mapinduzi nyuzi zilikuwa adimu, hazikuwa kitu cha kuchezea.

Tulipomaliza, aliweka mchoro kando ya kitambaa. Kwenye mchoro, tawi la kulia liliishia kwenye ua lililochanua, la kushoto kwenye tumba. Kwangu mimi, kulia, palikuwa na tumba. Akaniuliza macho yangu yalikuwa wapi.

Nilijua nimefuata vidoa, na vilikuwa vya tumba, hata kipofu angeviona. Lakini nani anamwambia mavyaa kuwa alama zake ndizo mbovu? Niliinama, nikaomba radhi, nikasema nilighafilika. Nikafumua kazi nzuri kabisa, nikashona ua kwa kubahatisha, kitambaa kikalegea mpaka kikachanika.

Ndipo mavyaa akaona kuwa upande wa wifi nao una ua badala ya tumba. Wifi, kwa kuwa mavyaa ni mama yake mzazi, hakuwa na la kuogopa. Alisema kafuata alama, akaigeuza ile karatasi. Makaa yote yalikuwa mgongoni mwa karatasi, si upande wa mchoro. Mavyaa alikuwa ameilaza kifudifudi, kulia kukawa kushoto, na sote wawili tulishona sawasawa.

Mavyaa alijicheka, kisha akanigeukia.

"Na wewe, uliona alama za nini?"

"Nliona tumba, mama."

"Mbona ukaomba radhi?"

Uso uliniwaka, na nilitamani anigombeze nipate la kulilia. Hakugomba. Alikunja kile kitambaa kilichochanika, akanambia polepole, na nikilikumbuka neno hilo bado naona haya peke yangu chumbani:

"Siku mwanangu akikutenda vibaya, ntakuuliza, nawe utanambia hajambo. Ntajuaje?"