Soseji ya Damu Isiyochomwa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Silver Spring, Marekani, alizaliwa Cork, kusini mwa Ayalandi. Mwaka juzi, baridi ilipoanza kuisha, alikaribia kuacha kula kabisa. Binti yake alinieleza jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kwamba Jumatatu muuguzi angekuja kumpima uzito. Ukiwa umeshuka tena, yeye binti angempeleka kwenye makao ya wazee. Mzee alilijua hilo, na hakutaka kuhama nyumba ile.

Nilimuuliza angependa kula nini.

"Drishini," akasema. "Lakini huku hutaipata, kijana."

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili.

Nilisoma jioni tatu mfululizo. Drishini ni soseji ya damu ya kondoo au ng'ombe iliyochanganywa na maziwa na chumvi, ikamiminwa katika utumbo, ikachemshwa taratibu. Nyama haitiwi. Niliandika hatua zote kwenye daftari, nikatulia moyoni. Mimi ni mtu wa Nyeri; mutura, soseji yetu ya nyama na damu, nimeitengeneza tangu ujana wangu, na damu hainishindi.

Jumamosi rafiki yangu wa Lanham, mji wa jirani, alikwenda shambani kuchinja kondoo kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Nikafuatana naye, nikaikoroga damu kwa kijiti isigande. Alasiri, nyuma ya nyumba yake, niliichuja na kutia maziwa. Yeye alikuwa akikatia mutura yake vitunguu.

"Nyama yako iko wapi?"

"Haiwekwi."

"Damu na maziwa tu? Huyo mzee alimkosea nani?"

"Ndivyo wanavyokula kwao."

"Basi ndiyo maana walihama."

Nilijaza matumbo mawili, nikayachemsha. Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye daftari. Makaa yalikuwa tayari, na kwetu mutura ikitoka kwenye sufuria huenda motoni. Sijawahi kuona mtu akiila bila kuichoma. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilichoma moja. Ya pili ilibaki kwenye sufuria kwa sababu mutura za rafiki yangu zilikuwa zimejaza wavu.

Jumapili nilimkatia mzee ile iliyochomwa. Alitafuna kidogo, akaitoa mdomoni kwa kitambaa.

"Umeichoma."

"Kwetu huchomwa, mzee."

"Kwetu hapana."

Aliweka uma chini, akageukia dirisha. Binti yake alinitazama, kisha akaitazama simu yake.

Nilirudi jikoni, nikafungua daftari na kulisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Nikakata ile ya pili, laini kama maziwa mgando, nikaipasha moto kwa maziwa, siagi na kitunguu. Mzee alionja. Alikula vipande vinne, akafuta mchuzi kwa mkate.

"Mama yangu alizidisha pilipili manga," akasema, akinisogezea sahani niongeze.

Jumatatu uzito ulikuwa umeshuka kidogo. Mlo mmoja haubadili mizani, na sikutarajia hivyo. Lakini muuguzi alipouliza kuhusu chakula, mzee alijibu mwenyewe, kwa kirefu, mpaka kuhusu kosa langu. Binti yake alisikiliza hadi mwisho.

"Tungoje mwezi mmoja," akasema.

Nikampigia rafiki yangu kumuuliza atachinja tena lini.

"Ubatizo umekwisha, ndugu yangu. Tafuta sababu nyingine."

Nilimwambia ninayo.