Laptop ya Kitinda

Tarehe 14 Septemba 2017 Bi Safisha alinunua laptop anayoitumia mpaka leo. Risiti yake, yenye wino unaosomeka kwa taabu, ameibandika kwa utepe chini ya mashine yenyewe.

Jina la Bi Safisha alipewa na wateja. Kwa laptop hiyo hutia rangi michoro ya vitabu vya shule, na mingi humfikia ikiwa na madoa ya chai na alama za vidole, naye huirudisha kama iliyochorwa asubuhi hiyo. Ana miaka arobaini na sita. Kazi hiyo alimfundisha mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda hata sasa, na miaka yake thelathini na moja. Alimfundisha vizuri mno, na siku hizi wateja wawili watatu humpita dada mtu na kupanda moja kwa moja kwenye chumba cha Kitinda, juu ya duka la dawa.

Jumapili moja, sebuleni kwa mama yao, Kitinda alitoa kwenye mkoba laptop mpya aliyotoka kuinunua asubuhi hiyo. Ilikuwa nyembamba kama daftari, na skrini yake iling'aa mpaka mama akavua miwani na kuivaa tena.

"Hebu ona ya mwenzio," mama alimwambia Bi Safisha. "Yako ile ukiiwasha, mtu anadhani unasaga nafaka."

"Nyembamba mno," Bi Safisha alijibu. "Ukiikalia imevunjika."

"Kwani laptop inakaliwa, dada?"

Wakacheka wote. Bi Safisha naye alicheka, kidogo, kisha akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo watu walikuwa bado wananywea.

Siku iliyofuata mhariri wa kampuni ya vitabu aliwapigia simu wote wawili. Alikuwa na vitabu sita vya sayansi, kazi ya mwaka mzima, na alitaka mtu mmoja tu. Kila mmoja atie rangi michoro mitatu: sikio, mzizi na moyo. Baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, waje ofisini na mashine zao, kwa sababu atataka kuona marekebisho yakifanyika mbele yake.

Toka hapo Bi Safisha hakutulia. Kila alipofumba macho aliiona ile skrini. Alitamka kwa sauti, jikoni, kwamba mashine yake imezeeka. Aliitia kasoro laptop ya Kitinda kila walipozungumza: mara rangi yake ya kijivu ni ya kizembe, mara vitufe ni vidogo, mara chaja yake itapatikana wapi ikiharibika. Baada ya siku nane za maneno hayo alibeba laptop yake hadi kwa fundi, akitumaini kuambiwa imekufa, ili apate ruhusa ya kununua kama ile.

Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akaguna.

"Nani amekwambia hii imekufa?"

"Mimi mwenyewe. Inakoroma, na mchoro mmoja unafunguka mpaka chai inapoa."

"Inakoroma kwa vumbi. Prosesa yake bado ina nguvu. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB nane, lakini ina nafasi mbili, tutaweka thelathini na mbili. Diski hii ya kuzunguka tunaitoa, tunaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Basi."

"Na skrini?"

"Skrini yake mbaya, sikufichi. Ila si una ile kubwa ya mezani nyumbani? Rangi utaziangalia pale. Usinunue skrini ya kutembea nayo na wewe hutembei."

"Mimi nataka kama ya mdogo wangu," alisema Bi Safisha, akataja namba ya toleo. Alikuwa ameikariri kama namba yake ya simu.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Hiyo? Kwa kuandika barua na kutazama filamu, safi kabisa. Kwa kazi yenu, hapana. RAM yake ni nane, na imechomelewa kwenye bodi. Haiongezwi, leo wala kesho. Mchoro wenye matabaka hamsini ya rangi, moja juu ya jingine, utaikalisha chini. Mwambie airudishe, lile duka linapokea ndani ya siku kumi na nne."

Moyo ulimruka Bi Safisha kwa furaha. Kisha akaona haya, haya ambayo haikudumu hata mpaka mlangoni. Alihesabu akiwa njiani: zilikuwa zimebaki siku tano za kuirudisha.

Siku ya kumi na mbili tangu ainunue, Kitinda alipiga simu.

"Dada, hii kitu inasinzia nikifungua ule moyo. Niongeze RAM gani?"

"Labda umefungua vitu vingi kwa pamoja. Funga vingine."

Hakusema uongo. Hilo alijiambia mara tatu huku akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Yake, iliyotoka kwa fundi, sasa ilikuwa kimya. Mchoro wa sikio ulifunguka kabla hajavuta kiti. Siku ya kumi na nne, mchana, alikwisha kumaliza michoro yote mitatu, na ilikuwa mizuri, aliiona mwenyewe kuwa mizuri. Ndipo lilipomjia jambo lililomkata raha. Akishinda namna hii, nyumbani watasema laptop ndiyo iliyomwangusha Kitinda. Hakuna atakayesema dada mtu anaijua kazi. Hata ushindi wake utakuwa habari za Kitinda.

Saa kumi alasiri alipanda ngazi za duka la dawa, akihema.

"Irudishe," alisema kabla ya salamu. "RAM yake haiongezwi. Leo ndiyo siku ya mwisho, duka linafunga saa kumi na mbili."

Kitinda aligeuka polepole. "Wiki mbili, dada. Mara rangi, mara vitufe, mara chaja. Leo RAM?"

"Fundi ndiye aliyesema."

"Lini?"

Bi Safisha akaanza kufuta kwa kanga vumbi la dirishani. Kufuta huko kulimharibia.

"Kumbe siku zote ulikuwa nalo, umelihifadhi kama jino la dhahabu! Au umelitunga ukiwa kwenye ngazi? Sema tu inakuuma. Nikuandikie jina la duka, ukanunue na wewe?"

"Kitinda, nakwambia kweli."

"Kweli yako ina kijicho, dada yangu. Acha nifanye kazi."

Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Laptop ikabaki pale pale.

Ijumaa wakaketi ofisini kwa mhariri, kiti kwa kiti, bila kutazamana. Moyo wa Kitinda ulikuwa mzuri kuliko wa dada yake. Bi Safisha alilijua hilo kwa jicho la kwanza na likamchoma. Kisha mhariri akasema, "Huu mshipa uwe buluu iliyoiva zaidi." Bi Safisha alichagua tabaka la mshipa, akabadilisha rangi, akamaliza. Kitinda hakugusa kitu. Mashine ilikuwa imemgandia siku mbili, na ili faili liwe jepesi alikuwa ameyaunganisha matabaka yote kuwa moja, akahifadhi hivyo. Mshipa haukuweza tena kutengana na nyama.

Vitabu sita vikaenda kwa Bi Safisha. Jioni mama alipiga simu. "Hongera. Ila masikini mwenzio, mashine imemwangusha." Bi Safisha aliitikia ndiyo, mama, akakata simu.

Jumanne Kitinda alifika na kusimama mlangoni, hakuketi.

"Nimeiuza ile. Kwa mwanafunzi wa sheria, yeye anaandika tu." Akapandisha mkoba begani. "Natafuta nyingine. Twende wote. Lakini usinichagulie mbovu."

"Nikikuchagulia mbovu utasema nina kijicho."

"Unacho."

"Ninacho," alisema Bi Safisha.

Kwenye karatasi Bi Safisha ameshaandika atakachomtafutia Kitinda: RAM thelathini na mbili inayoweza kuongezwa, nafasi mbili za diski, skrini yenye rangi za kweli, feni mbili. Hiyo ni mashine bora kuliko yake mwenyewe. Jumamosi saa nne asubuhi watakwenda dukani pamoja, na dada mtu ndiye atakayechagua.